Fishi ya Gunia

Gunia la koltani likitoka Rubaya, katika teritwari ya Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hufuatana na maandishi ya namna mbili. Ya kwanza yamesikika dunia nzima: etiketi ya plastiki yenye namba, na kitabu kinachoonyesha madini yalichimbwa wapi, yalipimwa uzito lini na yalinunuliwa na nani. Ya pili hayana umaarufu huo. Ni fishi ya usalama, karatasi inayosema ndani ya gunia mna nini, kinaweza kumdhuru nani, na lori likipinduka njiani aliye jirani afanye nini. Etiketi inamjibu mnunuzi wa simu wa ng'ambo. Fishi inamjibu kuli wa Goma, dereva wa lori na mpakiaji wa Dar es Salaam. Watu hao hawana kelele sokoni, ndiyo maana ufundi wa kuiandika vizuri hausifiwi na mtu.

Fundi mzuri wa fishi haanzii mezani. Anaanzia sakafuni mwa ghala.

Magunia yakifika kwenye kontwari, yaani nyumba ya mnunuzi wa madini, hukaushwa, huchekechwa, hupitishwa kwenye sumaku ili kutenga chuma, kisha huchanganywa yawe shehena moja. Hapo anaingia mtu wa sampuli. Kazi yake ni kutoa gramu chache zitakazosema ukweli wa tani nzima, na koltani ni shahidi mgumu. Punje zake zina uzito mara tano hadi nane ya maji ya ujazo uleule, ilhali kwatzi, lile jiwe jeupe linaloandamana nazo, halifiki hata mara tatu. Gunia likitikiswa njiani kutoka Rubaya hadi Mushaki, na kutoka Mushaki hadi Sake, punje nzito zinazama na nyepesi zinapanda. Anayechota kiganja mdomoni mwa gunia anapima kwatzi. Anayechota chini anapima utajiri usiokuwepo.

Kwa hiyo fundi hachoti. Anatandika turubai safi, anamimina madini kwa koleo, kila koleo juu ya kilele kilekile, mpaka rundo linachongoka na kuteremka sawasawa pande zote. Kisha anakigandamiza kilele kiwe bapa na kuligawa rundo kwa ubao katika robo nne. Robo mbili zinazotazamana anabaki nazo. Mbili nyingine zinarudi kwenye shehena. Anachanganya upya, anamimina upya, anagawa upya, na tena, mpaka kinabaki cha kujaa bakuli. Hicho kinasagwa hadi kipite kwenye chekeche la maikroni 75, halafu kinafungwa katika pakiti: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, na ya tatu inapigwa lakiri na kuwekwa kabatini kumsubiri mwamuzi, endapo wawili hao watabishana.

Mchezo mzima unaonekana rahisi, na kibarua yeyote anaweza kufundishwa hatua zake asubuhi moja. Kinachomtofautisha fundi na kibarua ni brashi. Robo zikishaondolewa, juu ya turubai hubaki utando wa vumbi laini ambao mtu mvivu angeukung'uta nje. Fundi anapiga magoti, anaufagia kwa brashi ndogo, na vumbi la kila robo analirudisha kwa robo yake. Hafanyi hivyo kwa sababu ya usafi. Vumbi lile lina madini yake, na huenda yasifanane na ya punje kubwa. Akiliacha, namba zote zitakazofuata zitakuwa zimepinda kidogo, na hakuna maabara ya Uingereza wala Johannesburg itakayoweza kuzinyoosha.

Kupinda kidogo kuna uzito gani? Koltani ya Kivu, kama ya sehemu nyingine nyingi duniani, ina urani na thori kidogo ndani yake. Kwa kanuni za usafirishaji za Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki, IAEA, madini ya asili ambayo unururifu wake hauzidi bekereli 10 kwa gramu, urani na thori zikijumlishwa, husafirishwa kama mzigo wa kawaida. Yakizidi hapo yanaingia daraja la 7, chini ya namba UN 2912, na yote yanayoandamana nayo: lebo, tamko la msafirishaji, vipimo vya mnururisho nje ya kontena. Sasa chukua shehena yenye asilimia 0.07 ya oksidi ya urani na asilimia 0.05 ya oksidi ya thori. Urani inaleta takriban bekereli 7.3 kwa gramu, thori 1.8. Jumla 9.1, mzigo wa kawaida. Pandisha urani hadi asilimia 0.08, usiguse kingine. Jumla inakuwa 10.2. Shehena ileile, katika ghala lilelile, imekuwa mzigo wa mnururisho, na tofauti yake ni gramu mia moja za oksidi ndani ya tani nzima. Tena urani haikutapakaa kwa usawa. Mara nyingi imejikusanya kwenye punje chache. Ndiyo maana yule mtu wa brashi anapiga magoti.

Na daraja la 7 si jambo la lebo tu. Kampuni nyingi za meli hazitaki kulibeba, hata pale kanuni zote zilipotimizwa, na IAEA pamoja na T.I.C., chama cha wafanyabiashara wa tantali na niobi chenye makao yake Ubelgiji, wamelizungumza tatizo hilo kwa miaka mingi. Mombasa au Dar es Salaam, kontena la namna hiyo linaweza kusubiri meli mpaka mwenye mali achoke. Viwandani nako, tantali hutolewa kutoka kwenye koltani kwa asidi ya haidrofloriki, na urani iliyofika na shehena inageuka taka ya kiwanda, kwa hiyo mikataba huiwekea kikomo na kumkata bei anayekivuka. Kila mtu katika mnyororo huu, basi, ana sababu ya kupenda 9.1 kuliko 10.2. Fundi ninayemsifu ni yule anayeandika 10.2 akijua hasara yake.

Fishi hii iandikwe nyumbani, au inunuliwe kwa watu wa nje? Kivu ina uzoefu wa kununua maandishi. Marekani ilipopitisha sheria ya Dodd-Frank mwezi Julai 2010, iliyozitaka kampuni zieleze madini yao yametoka wapi, na Rais Joseph Kabila wa Kongo aliposimamisha uchimbaji Kivu na Maniema kuanzia Septemba mwaka huo hadi Machi 2011, ilibainika kwamba gunia lisilo na karatasi halitauzika tena kwa wanunuzi wakubwa. Mpango wa ITSCI, ulioasisiwa na wafanyabiashara wa bati, ulifika Rubaya mwaka 2014. Etiketi zilifungwa na watumishi wa serikali, wale wa idara ya wachimbaji wadogo, SAESSCAM (leo SAEMAPE), na wa Divisheni ya Madini, lakini etiketi zenyewe, vitabu na kompyuta zilizokusanya namba vilikuwa vya mpango wa nje. Kufikia 2019 kampuni ya SMB, iliyokuwa na kibali cha Rubaya, ilikuwa imeiacha ITSCI na kuhamia mpango wa RCS Global. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilichapisha ripoti ikidai kwamba etiketi za ITSCI zilikuwa zikisafisha madini ya magendo; ITSCI ilikanusha. Kisha, mwishoni mwa Aprili 2024, Rubaya ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na ITSCI ikasimamisha kazi zake Masisi. Sibishi uamuzi huo, ungekuwa mgumu kuukwepa. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa nje akifunga daftari lake, gunia linabaki bubu, kwa kuwa hakuna mwenyeji aliyefundishwa kulisemea.

Fishi ya usalama ina njia yake fupi ya kununuliwa. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2003, umeipa vifungu 16, vilevile dunia nzima: utambulisho, hatari, viambato, huduma ya kwanza, moto, kumwagika, utunzaji, kinga, na kuendelea hadi cha kumi na sita. Kwa kuwa umbo halibadiliki, kuna ofisi za kutosha Ulaya ambazo ukizipelekea cheti cha maabara zinakurudishia fishi safi, yenye alama nyekundu za pembe nne, kwa Kifaransa na Kiingereza. Sizidharau. Vifungu vya 11 na 12, vya sumu na mazingira, vinataka mtu aliyesoma tafiti nyingi zaidi ya alizonazo mtu yeyote Goma. Kifungu cha 14, cha usafirishaji, hubadilika kila kanuni zinaporekebishwa, na asiyekifuatilia kila mara ataandika kanuni iliyokwisha kufa.

Tatizo ni vifungu vya katikati. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwandishi wa mbali akifika kifungu cha 4 anaandika: mwondoe mgonjwa, mpeleke penye hewa safi, piga simu kituo cha sumu. Namba anayoiweka ni ya Ulaya, saa za kazi za Ulaya. Kifungu cha 7: hifadhi mahali pakavu penye hewa ya kutosha. Kifungu cha 8: epuka kuvuta vumbi, tumia kinga ya upumuaji inayofaa. Hakuna uongo hapo hata mmoja. Hakuna pia neno ambalo mtu wa Rubaya anaweza kulifanyia kazi.

Kifungu cha 8 ndicho ninachokitumia kumpima mwandishi wa fishi. Mwaka 2007 jarida moja la kitaalamu la kinga dhidi ya mnururisho lilichapisha utafiti uliofanywa juu ya wachimbaji wa koltani wa Masisi wenyewe, na hoja yake kuu ingepaswa kuwa imebandikwa kwenye kila ghala: njia kubwa ya mnururisho kuingia mwilini ni vumbi la kusaga na kuchekecha. Kulala karibu na gunia au kulibeba mgongoni kuna hatari ndogo ukilinganisha na kulitwanga likiwa kavu. Na vumbi hilohilo lina silika, ambayo huharibu mapafu polepole bila kuhitaji urani yoyote. Mtu anayelijua hili kwa macho yake hawezi kuridhika na "kinga inayofaa". Ataandika, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja unaofungwa juu ya ule wa Kifaransa, maneno ya namna hii:

Lowesha rundo kabla ya kulisaga na kabla ya kulichekecha. Mama anayechekecha asimame upepo ukimpiga mgongoni, na mtoto asiwe mgongoni mwake. Gunia likipasuka, usifagie kavu. Nyunyiza maji, kusanya kwa koleo. Nguo za kazi zikung'utwe nje, zisiingie chumba cha kulala. Sahani ya chakula isiwekwe ghalani. Maski ikilowa jasho haifai tena, badilisha.

Soma mistari hiyo tena utazame kazi iliyofanyika. "Epuka kuvuta vumbi" imegeuka mambo sita ambayo mtu anaweza kuonekana akiyafanya au asiyafanye. Kila moja linataka mwandishi awe ameshaona jambo: kwamba wanawake ndio wengi kwenye kuchekecha, kwamba huja na watoto, kwamba maski ikiloa watu huishusha kidevuni. Na neno "lowesha" lenyewe lina gharama, kwa sababu kontwari hununua madini makavu na maji yanaongeza uzito wa uongo. Mwandishi wa ndani anajua ubishi huo utazuka, kwa hiyo anaongeza mstari: uzito upimwe baada ya kukauka. Ule mstari wa mwisho ndio unaonifurahisha kuliko yote. Mtu wa mbali asingeuwaza, na bila huo hakuna bwana wa ghala angekubali ndoo ya maji iingie.

Nisiwapambe wa nyumbani kupita kiasi. Mwenye mali akiandika fishi ya mali yake, ile 10.2 ina njia nyingi za kushuka. Unaweza kurudia sampuli mpaka ipatikane inayopendeza. Unaweza kutumia bunduki ya eksirei ya mkononi, chombo kizuri cha kutazama haraka, na kukitegemea kwa urani ya asilimia 0.07, kiwango ambacho kinataka uangalifu wa maabara. Unaweza kunakili fishi ya shehena ya mwaka jana na kubadilisha tarehe. Nadhani hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na halihitaji hata nia mbaya. Ndiyo sababu pakiti iliyopigwa lakiri ipo, na ndiyo sababu wauzaji na wanunuzi hupeleka sampuli kwa waamuzi kama Alfred H Knight na Alex Stewart, maabara za huko karibu na Liverpool ambazo kwa biashara ya tantali neno lao huheshimika. Kongo yenyewe haikosi wataalamu: kamisheni ya nguvu za atomiki iko Kinshasa, ambako mwaka 1959 kilianza kinu cha kwanza cha nyuklia cha utafiti barani Afrika. Ila kutoka Goma kwenda Kinshasa hakuna barabara ya kutegemewa, na sampuli nyingi zimeona Ulaya bila kuuona mto Kongo. (Nchi iliyotoa urani ya mgodi wa Shinkolobwe kwa mabomu ya atomiki ya 1945 ingestahili maabara ya kupimia urani karibu na migodi yake. Haya, tuendelee.)

Teritwari ya Walikale, jirani ya Masisi, inaonyesha namna mpango wa kuchanganya wa nyumbani na wa nje unavyoweza kwenda. Kasiteriti, yaani madini ya bati, ya Bisie, ilipoanza kuchimbwa kwa wingi miaka ya 2000, ilitoka msituni migongoni mwa watu: magunia ya kilo 50, mwendo wa siku mbili hivi hadi Njingala, kisha ndege ndogo zilizotua kwenye kipande cha lami huko Kilambo. Karatasi za wakati huo zilikuwa stakabadhi za vizuizi vya njiani. Kampuni ya Alphamin ilipofungua mgodi wa viwandani palepale Bisie na kuanza uzalishaji mwaka 2019, mengi yaligeuka; mwaka 2024 mgodi huo ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Katika uchorongaji wake wa utafiti, kampuni ilitayarisha sampuli za mwamba palepale mgodini na kutumia maabara ya Johannesburg kwa vipimo vyenyewe au kwa kuhakiki. Mgawanyo huo ndio ninaouona kuwa wa busara hata kwa fishi: kukata, kusaga na kugawa kwafanywa na aliye na jiwe mkononi, hukumu inatafutwa kwa asiyefaidika na jibu. Kampuni kubwa inao uwezo huo, kweli. Lakini turubai, ubao na brashi havihitaji kampuni kubwa.

Tangu Januari 2025 Goma yenyewe iko chini ya M23, na Februari mwaka huo wizara ya madini Kinshasa iliipa migodi ya Masisi hadhi nyekundu, maana yake madini yake yasinunuliwe. Machi, Alphamin ilisimamisha kazi na kuwaondoa watu wake wapiganaji walipoukaribia na kuuteka mji wa Walikale. Aprili, wapiganaji walipoondoka, kampuni ikaanza kurudi. Katika hali hiyo mtu anaweza kusema huu si wakati wa kuzungumzia vifungu 16. Mimi naona kinyume. Rubaya, ambako inakadiriwa hutoka takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia, haijaacha kuchimbwa. Vumbi halijui mgodi ni wa kijani au mwekundu, na mama anayechekecha leo anavuta lilelile la 2019. Etiketi inaweza kukatazwa kwa amri, na pengine inapaswa kukatazwa. Ukurasa wa Kiswahili unaosema lowesha kabla ya kusaga hauhalalishi biashara ya mtu yeyote, na hauhitaji kibali cha Kinshasa, cha ng'ambo wala cha mwenye bunduki. Unahitaji mtu anayejua kuuandika, na mashine ya kutoa nakala.

Kuna kifungu ambacho wengi wanakipita, cha 16, cha taarifa nyinginezo. Fishi za kununua huweka hapo tarehe na kanusho la mwanasheria. Fundi wa nyumbani anakitumia kuandika kilichobadilika na kwa nini, ili atakayekuja baada yake aelewe: kwa mfano, toleo la 3, kifungu cha 8, maski za karatasi zimeondolewa kwa kuwa haziwezi kuhimili kazi ya maji; kifungu cha 14, urani imepanda hadi asilimia 0.08 kwa sampuli mbili mfululizo, mzigo utangazwe daraja la 7 mpaka ya tatu irudi. Halafu jina lake, na mahali anapopatikana mchana.